Ini Lenye Haraka

Miezi sita nilimhesabia Vittus vidonge,
saa mbili kila asubuhi, gizani,
maana Januari ya Tasiilaq jua haliamki,
hugeuza ubavu tu, likalala tena.
Aliingia na harufu ya mbwa na mafuta ya sili,
akavua glovu moja, ya kulia,
akakinga kiganja kama mtoto anayengoja chenji.
Meza. Fungua kinywa. Inua ulimi.
Aliinua.
Chini yake hapakuwa na kitu ila ukimya,
na ukimya hauna safu katika fomu yangu.

Siku ya mwisho tulikata keki.
Eksirei tuliibandika dirishani:
mapafu meusi, safi,
kama maji yaliyofunguka katikati ya barafu.
Nikaandika: Kifua kikuu, amepona. Nikapiga muhuri.

Baada ya miezi minane akarudi
akikoholea ndani ya kofia, asiwatishe watoto dukani.
Makohozi yakapanda helikopta, jibu likaja kwa simu:
si mdudu mgeni. Ni yule yule wa mwanzo,
alikuwa amejikunyata tu, akihesabu siku pamoja nasi.

Hapo, Mungu anisamehe, nikampa vidonge vyake,
si vya kopo, vya ulimi:
Ulitema. Ulivificha shavuni. Umenifanya mjinga.
Vittus akatazama buti zake.
Aliyejibu ni dada yake, Hansigne,
aliyetoka bila kuaga akarudi na fulana.
Akaitandaza mezani, juu ya mafaili yangu.
Kwapani, doa la rangi ya chungwa.
"Nimeifua mara tisa," alisema.
"Na theluji nyuma ya nyumba, pale anapokojoa,
majira yote ya baridi ilikuwa hivi hivi.
Mtu hutokwaje jasho la dawa ambayo hakuimeza?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na masikio ya moto.

Damu ikaenda Kopenhageni, kijichupa kimoja.
Daktari akanieleza polepole, kama anayemwelekeza mtu njia:
kile chekundu huacha rangi popote kipitapo;
kile cheupe, mwenzake, hupita kimya,
na katika ini la Vittus hupita mbio.
Mama alimpa nusu ya haraka hiyo, baba nusu.
Kidonge kikibisha hodi mlango wa mbele,
wa nyuma umekwisha kufunguliwa.

Mimi wa Esbjerg niliwahi kukimeza kidonge hicho hicho,
kwa kinga, mwaka wangu wa kwanza hapa.
Kwangu kilikaa. Kilivua viatu.
Kilikaa hata vidole vikaniwaka miiba,
nikashindwa kufunga vifungo vya koti,
wakaniongezea vitamini, wakanipa pole.
Hakuna aliyeniambia inua ulimi.

Dozi tulipima kwa kilo.
Mizani ilimjua Vittus: sitini na moja na nusu.
Haikumjua zaidi ya hapo.

Daktari hakuapa. "Huenda ni ini," alisema,
"huenda ni lile pango la pafu la kushoto, lilikuwa kubwa,
huenda vyote." Nikaliandika neno huenda
mahali nilipokuwa nimeandika, kwa penseli, mkaidi.
Penseli hufutika. Karatasi hubaki na bonde.

Sasa tumeanza upya, kwa kipimo kingine.
Sheria bado inataka niutazame ulimi.
Nautazama, kisha namwonyesha wangu.
Mara ya kwanza alicheka hadi akashika mbavu.
"Baba naye alikuwa na haraka," alisema,
maneno yake marefu kuliko yote tangu nimjue,
"hakungoja hata kahawa ipoe."
Akavaa glovu, akaenda kuwalisha mbwa.